Dakika tatu kabla ya sindano ya wiki ya 14: video ya simu, akili mnemba na mtindio wa ubongo kwa vichanga

FizioWaWatoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni fiziotherapia na wagonjwa wangu wengi ni watoto. Wanaletwa wakiwa na mwaka na nusu, miaka miwili, wengine mitatu: shingo haijakaza, au miguu inapishana kama mkasi kila mama akijaribu kumsimamisha. Ukifungua kadi ya kliniki unakuta imeandikwa kwamba mtoto alichelewa kulia, akawekewa oksijeni, akalazwa wodi ya vichanga. Yaani hatari ilishajulikana tangu siku ya kwanza, lakini mama aliambiwa asubiri kwa sababu watoto hawafanani na wengine huchelewa. Akasubiri. Miezi ambayo ubongo unajijenga kwa kasi kubwa ikapita bila mtu wa kumwonyesha mama namna ya kumlaza mtoto yule, kumlisha na kumchezesha.

Nataka niseme wazi: kusubiri huko hakuna sababu tena. Mtindio wa ubongo (shida ya mwendo na mkao inayotokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua) unaweza kushukiwa, kwa uhakika mkubwa tu, mtoto akiwa na miezi mitatu hadi mitano. Na kinachotazamwa ni mtoto aliyelala chali, akiwa macho, hajaguswa na mtu.

Aliyefungua njia hii ni daktari wa Austria, Heinz Prechtl, aliyefanya kazi miaka mingi Groningen, Uholanzi, na baadaye Graz. Wakati ule mtoto mchanga alipimwa kwa kugongwa goti, kuvutwa mikono, kushtuliwa ili waone anaitikiaje. Prechtl akamwacha mtoto alale, akawasha kamera, akatazama anafanya nini mwenyewe. Akaona kwamba kuna mijongeo ya mwili mzima inayoanza mtoto akiwa bado tumboni, mimba ikiwa na wiki 9 hivi, na inabadilika sura kadiri ubongo unavyokomaa. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, kuanzia wiki ya 9 hivi baada ya kuzaliwa mpaka ya 20 unatakiwa uone vijongeo vidogovidogo shingoni, mabegani, kwenye viwiko vya mikono, nyongani, kwenye vifundo vya miguu, kila upande, mfululizo, havifanani kimoja na kingine. Mama hajui kama anaviona maana vipo tu. Vikikosekana, hilo ni jambo zito. Kuna watoto wengine ambao hata kabla ya hapo mwili wote unakakamaa kwa pamoja, mikono na miguu kwa wakati mmoja, halafu unalegea kwa pamoja. Hao nao ni wa kuwafuatilia haraka.

Mwaka 1997 Prechtl na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet habari za watoto 130 waliowafuatilia. Watoto 70 walikuwa na vijongeo vya kawaida, na 67 kati yao wakakua bila tatizo la neva. Kwa watoto 60 vijongeo havikuwa vya kawaida au havikuwepo kabisa, na 57 wakaja kuonekana na tatizo. Rudieni kusoma hizo namba taratibu. Hayo ni matokeo ya kutazama mkanda wa video.

Sasa swali la haki ni hili: kama jambo linajulikana tangu 1997, mbona halijafika kwenye kliniki zetu? Jibu ni jicho. Mtu anayesoma video hizi lazima afundishwe, afaulu, na aendelee kufanya mara kwa mara asije akapoteza uwezo. Mafunzo yanalipiwa, na waliohitimu wamejaa zaidi nchi tajiri. Muuguzi wa zahanati hawezi kusubiri mtaalamu wa namna hiyo apite.

Hapo ndipo akili mnemba (AI) inapoingia, na hapa ndipo nataka tujadili kwa kina.

Watafiti wa Trondheim, Norway, walikusanya video za vichanga 557 kutoka hospitali 13 za Norway, Ubelgiji, India na Marekani. Wote walikuwa watoto wa hatari: njiti, waliokosa hewa, waliovuja damu kwenye ubongo. Kati yao 84 walikuja kuthibitika kuwa na mtindio wa ubongo. Programu inafanya hivi: inapokea video, inatafuta viungo vya mtoto (pua, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti, kifundo cha mguu), inaweka nukta kwenye kila kiungo, na inafuatilia nukta hizo picha kwa picha. Sura ya mtoto haihitajiki tena. Kinachobaki ni nukta zinazotembea. Kisha inakatakata mwendo huo vipande vya sekunde chache na kujifunza vipande vya aina gani vilitoka kwa watoto waliokuja kupata tatizo. Ripoti yao ilitoka mwaka 2022. Walipoijaribu kwa watoto ambao haikuwahi kuwaona, iliwanasa asilimia 71.4 ya wenye mtindio, na kati ya wasio nao iliwaacha salama asilimia 94.1.

Ni nzuri, lakini tupige hesabu kabla ya kushangilia. Uganda, wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walizunguka vijijini na kukuta watoto kama 3 wenye mtindio kwa kila 1,000. Chukua basi watoto 1,000 wowote waliokuja kliniki. Programu itawanasa wawili kati ya wale watatu, itamkosa mmoja, na itawapigia kengele ya bure kina mama karibu 59 ambao watoto wao hawana shida. Hiyo ni balaa. Sasa chukua watoto 1,000 wa hatari, kundi kama lile la Norway ambapo 15 katika kila 100 wana tatizo. Itawanasa 107 kati ya 150, na kengele za bure zitakuwa 50. Yaani katika kila kengele tatu, mbili ni za kweli. Mashine ni ileile, faida tofauti kabisa. Kwa hiyo anayewauzia wazo la kumpiga video kila mtoto nchini na kusubiri kompyuta iseme, muulizeni kwanza kuhusu hesabu hii.

Pendekezo langu liko kwenye chanjo. Mtoto anakuja kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 inaangukia katikati kabisa ya kipindi cha vijongeo. Mama yupo, kadi ipo, simu ipo. Kwa mtoto ambaye kadi yake ina alama ya hatari (alichelewa kulia, alipata degedege siku za mwanzo, manjano makali, njiti, homa ya uti wa mgongo) arekodiwe dakika tatu KABLA ya sindano. Nasisitiza kabla, kwa sababu mtoto akishachomwa analia, na video ya mtoto anayelia haisomeki, iwe kwa jicho au kwa mashine.

Namna ya kurekodi: alale chali juu ya shuka la rangi moja, avue, abaki na nepi au nguo nyepesi, mikono na miguu iwe wazi. Awe macho, ameshiba, ametulia. Asipewe chuchu bandia wala njuga, na mama asimwongeleshe wala kumchekea, maana akianza kumfuata mama kwa macho mijongeo inabadilika. Simu iwe juu yake, mwili wote uonekane kuanzia utosini hadi unyayoni, na aliyeishika asitikisike. Mwanga wa dirishani unatosha. Chandarua kiondolewe.

Nawasilisha. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

---

MamaMapacha_Mwz

Asante sana kwa uzi huu. Wangu ni pacha, walizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, tulikaa kangaroo (kuwalea kifuani, ngozi kwa ngozi) muda mrefu. Wiki ijayo wanatimiza wiki 14 na wana chanjo. Nimesoma mpaka mwisho nikaenda kuwatazama. Mmoja anarusharusha mikono, mwingine ametulia, na sioni hivyo vijongeo vidogo. Nimeogopa. Niwarekodi siku hiyo ya chanjo?

---

FizioWaWatoto

Mama Mapacha, hongera kwa kuwafikisha hapo. Usiogope kwa sababu hii: umri wa watoto wako kwa kipimo hiki si wiki 14. Walitangulia wiki 9 kabla ya wiki ya 40. Toa hizo 9. Wiki ijayo, kwa hesabu ya ubongo, watakuwa na wiki 5 tu. Vijongeo ninavyovizungumzia kwa kawaida bado havijaanza umri huo. Mtoto wa wiki 5 ana mijongeo mikubwa, ya polepole, ya kujinyonganyonga.

Chanjo wapate kwa tarehe ya kadi bila kuchelewesha, chanjo haihesabiwi kwa namna hii. Video subiri mpaka wafikishe wiki 21 hadi 23 tangu kuzaliwa. Hapo watakuwa na wiki 12 hadi 14 za kweli. Kule Melbourne, Australia, kuna mradi wa wazazi kurekodi wenyewe nyumbani kwa simu, na walichagua umri wa karibu na huo. Rekodi kila mmoja peke yake, wasilale pamoja, maana watagusana.

---

Kodi_Mlimani

Mkuu, uzi bora. Mimi ni mtu wa programu, naomba niongeze upande wa mashine maana watu wanadhani ni uchawi.

Kazi ya kutafuta viungo kwenye picha ilishakuwa rahisi. Google wanatoa bure kifurushi kinaitwa MediaPipe, kinaweka nukta 33 kwenye mwili wa mtu, na kinakimbia kwenye simu ya kawaida bila intaneti. Nimekitumia kwa mambo ya michezo. Shida yake kwa kazi hii ni kwamba programu nyingi za namna hii zimefundishwa kwa picha za watu wazima waliosimama. Kichwa cha kichanga ni kikubwa kwa mwili wake, miguu imekunjwa, mikono inapita mbele ya uso. Nukta zinaruka. Ukiangalia video unaona goti la mtoto limeruka hadi kwenye shuka kisha limerudi, na mashine inayofuata itadhani huo ni mjongeo. Ndiyo maana wale wa Norway ilibidi watengeneze kitafuta-viungo chao kwa picha za vichanga wenyewe.

La pili ni ngozi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura. Kwa wanaume weupe programu zilikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea hadi asilimia 34.7. Hiyo ilikuwa sura na si mijongeo, lakini chanzo ni kilekile: mashine inaijua vizuri dunia iliyoonyeshwa. Mtoto mweusi, chumba chenye mwanga hafifu, kanga yenye maua makubwa na maandishi chini yake. Kama hakuna video za namna hiyo kwenye mafunzo, usitegemee namba za Trondheim zije zilezile Tandahimba.

La tatu ni taarifa. Hizi ni video za watoto waliovuliwa nguo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Ukitaka kufanya jambo hili kwa adabu, nukta zitolewe ndani ya simu au kompyuta ya kituo, na kinachotumwa nje kiwe nukta peke yake. Kuna mfano mzuri: Chuo Kikuu cha Florida wametoa programu ya wazi inaitwa VisionMD, ya kupima mwendo wa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa neva unaotetemesha mwili na kupunguza kasi ya mwendo) kwa video, na uchambuzi unafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Tuanzie kwenye mtindo huo.

---

FizioWaWatoto

Kaka Kodi, umesema kweli tupu hapo kwenye kanga. Ndiyo maana nikaandika shuka la rangi moja. Na kina mama, nawaomba sana: video ya mtoto isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au la ukoo kuuliza "jamani huyu yuko sawa?" Ionyeshe kwa mtaalamu ukiwa naye ana kwa ana.

---

NesiKilifi

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, niko Kilifi, kliniki ya watoto. Nimesoma kwa makini na nina pingamizi mbili, naomba usinichukulie vibaya.

Kwanza, siku ya chanjo akina mama wamejaa kwenye benchi tangu alfajiri. Tuko wawili. Mmoja anapima uzito, mmoja anachoma. Hizo dakika tatu za mtoto kulala uchi akiwa ametulia, na kelele zile, nitazipatia wapi? Na kwa mtoto kuvuliwa na kuwekwa nguo tena si dakika tatu, ni kumi.

Pili, na hili ndilo linaniuma. Nikishamwambia mama kwamba mtoto wake ana dalili, halafu nampeleka wapi? Fizio wa karibu yuko mbali, nauli hana. Nimeona ndoa zikivunjika kwa neno moja la daktari. Baba anasema upande wetu hatuna ugonjwa huo. Bibi anasema mtoto kachezewa. Mama anabaki pekee yake na mtoto ambaye pengine hata miezi sita hajafika. Si afadhali miezi michache ya amani kuliko kujua mapema kitu usichoweza kukifanyia lolote?

---

FizioWaWatoto

Dada NesiKilifi, pingamizi zako ni za mtu anayeifanya kazi yenyewe, na ya pili ndiyo iliyonifanya nichelewe kuandika uzi huu. Nikujibu zote.

La muda: si kila mtoto. Ni wale wenye alama kwenye kadi tu, na katika benchi lile hawatakuwa wengi. Mama wa mtoto wa namna hiyo anaweza kufundishwa wiki ya 10 arekodi mwenyewe nyumbani, asubuhi mtoto akiamka, aje na video wiki ya 14. Wewe unaitazama tu. Trondheim na Melbourne wote walikwenda njia hiyo ya mzazi kurekodi kwa simu yake, na kule wana wauguzi wa kutosha.

La "nampeleka wapi": ingekuwa kweli kwamba hakuna cha kufanya, ningekubaliana nawe nikanyamaza. Lakini angalia watoto hawa wanakufa kwa nini. Wale watafiti wa Uganda waliwafuatilia watoto wao, wakakuta wanakufa kwa kiwango kikubwa mno kuliko wenzao wa rika moja. Njia mojawapo ni hii: mtoto analishwa uji akiwa amelala chali, unaingia kwenye mapafu, anapata nimonia, tunaandika nimonia. Kumkalisha vizuri wakati wa kula hakuhitaji fizio wala nauli. Ni jambo unaloweza kumwonyesha mama hapohapo kwenye benchi. Vilevile kumbeba mgongoni au kiunoni miguu ikiwa imeachana, ili nyonga isichomoke taratibu. Kumweka kifudifudi akiwa macho, kidogokidogo, shingo ipate kazi. Kumpa kitu cha kushika upande ule ambao mkono umelala. Kuchunguza macho na masikio, maana wengi wana tatizo la kuona au kusikia juu ya hilo la viungo, na mtoto asiyesikia anaonekana mzito wa akili kumbe hasikii. Na kifafa, ambacho dawa zake zipo.

Sidanganyi mtu kwamba mtindio unapona. Hauponi. Ila mtoto anayekaa, anayemeza vizuri, anayeona, na yule aliyekakamaa kitandani, wanaweza kuwa walianza na jeraha lilelile la ubongo.

Kuhusu mama kubaki peke yake: hukohuko Uganda kuna mpango unaitwa Baby Ubuntu. Wazazi wa watoto wachanga wenye shida hii wanakaa vikundi, wanafundishwa, na mmoja wa wanaoongoza ni mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo. Kwa maoni yangu, kikundi kianze kwanza na mashine ifuate. Mahali ambapo hakuna kikundi wala mtu wa kumpokea mama, kengele isipigwe. Hapo nakuunga mkono mia kwa mia.

Halafu kipo kipimo kisichohitaji umeme, cha Hammersmith, London. Kina vipengele 26: unamtazama mtoto akifuata kitu kwa macho, unapima ukazo wa mikono na miguu, unamkalisha, unaangalia mkao na anavyoitikia. Alama za juu kabisa ni 78. Muuguzi anaweza kujifunza, na unaweza kurudia kila mtoto anapokuja mpaka afikishe miaka miwili. Video ikileta wasiwasi na Hammersmith ikaleta alama za chini, hapo unamwambia mama kwa ujasiri. Video peke yake isimhukumu mtoto.

---

Kijana_wa_Bomang'ombe

Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Kodi ametaja Parkinson. Baba yangu ana miaka 67, mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa, akitembea mkono huo haupungi, na sauti imekuwa ndogo. Nyumbani wanasema ni uzee. Hii akili mnemba ya video inaweza kumwangalia?

---

FizioWaWatoto

Kijana, pole na mzee. Kwa maelezo hayo usisubiri mashine yoyote, mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya neva au angalau bingwa wa magonjwa ya ndani. Kutetemeka akiwa ametulia, upande mmoja, na mkono usiopunga: daktari anaweza kushuku kwa macho tu. James Parkinson mwenyewe, mwaka 1817, alieleza ugonjwa huu kwa wagonjwa sita, na baadhi yao aliwaona barabarani London wakipita.

Tena wewe, kwa jina lako la Bomang'ombe, uko wilaya ya Hai. Wilaya yako ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa nyumba kwa nyumba wa Parkinson, ukachapishwa 2008, na wengi wa waliokutwa nao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Nao walikuwa wanaambiwa uzee. Dawa ipo, levodopa, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize daktari kuhusu hiyo.

Upande wa video: Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwaomba watu 250 wagonge kidole gumba na cha shahada mbele ya kamera ya kompyuta, haraka na kwa upana wawezavyo. Mashine ikapima mwendo unavyopungua na kusitasita. Ilikaribia mabingwa wa neva na kuwashinda watoa huduma wasio mabingwa. Basi mrekodi mzee akifanya hivyo kila mkono, sekunde kumi na tano, na akitembea kwenda na kurudi, umwonyeshe daktari. Siku ya miadi wagonjwa wengi hujikaza na dalili zinajificha.

---

Zuhura_T

Dokta samahani, na mimi nina swali. Mwanangu ana miezi mitano na nusu. Akiamka usingizini anajikunja ghafla, kichwa kinaenda mbele, mikono inafunguka kisha inarudi, halafu anaachia. Baada ya sekunde chache tena. Inaweza kufika mara kumi au ishirini mfululizo, kisha analia. Mama mkwe anasema ni mchango, tumempa dawa ya kienyeji. Siku hizi pia hachekicheki kama zamani. Nirekodi nisubiri kliniki ya miezi 9?

---

FizioWaWatoto

Dada Zuhura, mimi si daktari, ni fizio, lakini hili nakuomba usilisubirishe. Usingoje miezi 9. Usingoje wiki ijayo. Kesho asubuhi akiamka rekodi tukio zima, simu ione uso, macho na mikono yote miwili, usimshike wala kumnyanyua isipokuwa kama anakosa hewa. Kisha siku hiyohiyo nenda hospitali kubwa iliyo karibu, ya rufaa kama unaweza, na useme maneno haya: anajikunja kwa mfululizo akiamka na ameacha kucheka. Onyesha video.

Kuna kifafa cha vichanga kinachokuja hivyohivyo. Kilielezwa mwaka 1841 na daktari Mwingereza, West, aliyekiona kwa mtoto wake mwenyewe wa kiume, naye pia mwanzoni hakuelewa anachokiona. Kinafanana sana na tumbo kuuma, ndiyo maana bibi za watoto wanasema mchango. Hawana nia mbaya. Lakini kinaharibu ubongo unaokua, na matibabu yanafanya kazi vizuri zaidi yakianza mapema. Inaweza ikawa si hicho. Aamue daktari, na kipimo cha umeme wa ubongo. Dawa ya kienyeji acha kwa sasa.

Ukifika tupe habari, au niandikie inbox.

---

NesiKilifi

Zuhura, nenda dadangu. Na video uipeleke, maana mtoto huwa hafanyi mbele ya daktari.

Nikirudi kwa mwenye uzi: nimekuelewa. Nimekaa nimefikiria hilo la kuwafundisha mama wiki ya 10. Kijitabu cha mama na mtoto kina nafasi ya maelezo ya kuzaliwa, wale wa hatari naweza kuwajua bila kuuliza mengi. Nataka nijaribu kwa hao wachache, nitazame kwa macho yangu na kile kipimo cha Hammersmith, mashine ije baadaye. Swali langu la mwisho: mama wa njiti, nimwandikie tarehe gani? Nikimwambia "toa wiki" atachanganyikiwa.

---

FizioWaWatoto

Usimpe hesabu, mpe tarehe. Chukua tarehe aliyotarajiwa kujifungua, ile iliyoandikwa kliniki ya wajawazito. Ongeza wiki 12, iandike kwenye ukurasa wa mbele: "rekodi kuanzia hapa". Ongeza wiki 4 nyingine, andika: "mwisho hapa". Kwa mtoto aliyetimiza na kwa njiti kanuni ni hiyohiyo moja, na hata mama asipokumbuka kitu, tarehe mbili zipo kwenye kijitabu. Kama tarehe ya kujifungua haijulikani na mtoto alizaliwa na uzito mdogo, mrekodi mara mbili, zikiwa zimepishana wiki tatu.